Mkwaruzo wa Sauti ya Pili

15 Agosti

Sina ugonjwa wa moyo, lakini leo nimeukaribisha. Tumeimba kwenye ukumbi wa kijiji chetu wenyewe, mbele ya waamuzi watatu waliotoka mjini Sofia, na yule wa katikati, mwenye miwani inayoning'inia kifuani, akashika maikrofoni akasema watu wote wasikie: "Sauti ya kwanza nzuri. Sauti ya pili inakwaruza." Akaketi akanywa maji yake. Sauti ya pili ni mimi na Petkana, na kila mtu anajua Petkana anaimba kwa woga kama anayeomba chumvi kwa jirani. Kwa hiyo aliyetukanwa ni mimi.

Sauti ya kwanza ni wifi yangu Grozda, dada wa mume wangu. Alisimama pale anaangalia viatu vyake. Tangu tukiwa wasichana nimekaa chini ya wimbo wake nikiushikilia, kama mtu anayeshika ngazi ili mwenzake apande akachume cheri. Leo ngazi imetukanwa, na aliye juu yake hakufungua kinywa. Limeniuma hilo kuliko maneno ya mwenye miwani.

Halafu akaja mwalimu wetu Krasen, kijana wa chuo cha muziki, tunaye tangu Machi. "Mama Stoimenka, joto hili kali. Kwa nini usipumzike kidogo? Sikukuu ya Mtakatifu Dimitri waamuzi watarudi. Nina binti mmoja wa mji wa Pernik, sauti yake laini, anaweza kukushikia nafasi."

Akufukuzaye hakwambii toka. Nikamjibu sijachoka. Akatabasamu, akanipigapiga begani kama ng'ombe aliyezeeka.

17 Agosti

Petkana kasema alimwona Grozda nyuma ya ukumbi na Krasen, wanaongea huku mikono inarushwa. Nikamuuliza waliongea nini. Hakusikia. Mimi sihitaji kusikia. Kikulacho ki nguoni mwako.

19 Agosti

Nimekwenda ukumbini kufagia, nikamwita Petkana. Nikamwambia aimbe kwenye maikrofoni sauti moja tu, ile ya chini, aivute. Nikaweka kiganja ubavuni mwa boksi la spika. Jamani! Lile boksi la plaiwudi lilikuwa linatetemeka kama mbuzi aliyepakiwa kwenye gari. Nikaweka funguo juu yake, zikacheza mpaka zikaanguka chini.

Kabla hawajafunga kiwanda cha redio, mimi nilikaa pale miaka nikisokota koili za spika. Najua spika inavyofanya kazi. Koni inasukuma hewa mbele, na kila inaposukuma mbele inapiga teke nyuma, na teke hilo linakwenda kwenye mbao. Ubao mpana ulio bapa haukatai teke. Unaanza kupiga kelele zake wenyewe, na kelele hizo zinapanda juu ya sauti ya mtu. Debe tupu haliachi kuvuma. Na mimi ndiye niliyeandikiwa kosa la debe.

20 Agosti

Nimemweleza Krasen. Kanisikiliza akichezea simu. "Mama, boksi haliimbi," akasema.

Linaimba, mwanangu. Linaimba vibaya, na jina linalochafuka ni langu.

24 Agosti

Nimeamua. Nitatengeneza spika mbili za mviringo kama mpira, zisizo na ubao bapa hata mmoja. Kitu cha mviringo hakina pa kupindia. Bonyeza yai kwa kiganja uone. Koni mbili nzuri ninazo kwenye saraka, nimezifunga kwenye kilemba cha marehemu mama tangu siku kiwanda kilipofungwa. Zikiwekwa ndani ya kitu kisichotikisika, tutasikia nani anakwaruza. Na nikisikika safi, Krasen atanirudisha mstari wa mbele na kuniomba radhi, na yule wa Pernik atarudi kwao na ulaini wake.

28 Agosti

Mpira unaanza na nusu mbili. Nimechukua masufuria yetu mawili ya shaba, nikayafumbatisha mdomo kwa mdomo, nikafunga kwa waya, nikatoboa la juu kuweka koni. Zuri ajabu kulitazama. Nikawasha redio. Mtangazaji wa habari alisema bei ya ngano kama yuko ndani ya kengele ya kanisa.

Bila shaka. Shaba kazi yake ni kulia. Mtu mzima mimi, nimetoboa sufuria kujifunza hilo.

29 Agosti

Velin kagundua. Mume wangu hana hasira za haraka, huanza kwa kuuliza.

"Hili tundu ni la nini?"

"La spika."

"Na rojo la lyutenitsa tutapikia wapi?"

"Kwenye lile lingine."

"Na majirani wakiniuliza mbona mke wa Velin anapika pilipili kwa sufuria moja, niwaambie lingine limekuwa redio?"

Nikamwambia awaambie hivyohivyo. Kaenda kulala kwenye benchi chini ya mzabibu.

3 Septemba

Shaba basi. Sasa karatasi. Nimenunua mpira wa plastiki wa ufukweni, nimeupuliza mpaka kizunguzungu, naupaka uji wa ngano na kuubandika karatasi, tabaka juu ya tabaka. Magazeti yakaniishia. Ukumbini kuna rundo la matangazo ya vifo yaliyobaki, yale tunayobandika milangoni, nikayachukua. Petkana aliponikuta akafanya ishara ya msalaba.

"Stoimenka, utaimbiwa na wafu."

"Hao angalau hawakwaruzi," nikamjibu.

6 Septemba

Pilipili hoho, kuchoma na kumenya, siku nzima. Vidole vinawaka.

7 Septemba

Pilipili.

8 Septemba

Pilipili. Grozda alipita na mkokoteni wake barabarani. Hakusalimia. Nami sikusalimia. Velin akasalimia kwa niaba ya nyumba.

11 Septemba

Mpira umekauka. Nimetoa upepo wa ndani, limebaki ganda gumu, jepesi, nikajisifu mwenyewe. Nikaligonga kwa kidole: dum. Ngoma tupu. Mviringo peke yake hautoshi basi, ganda jembamba litatetemeka hata likiwa na umbo la malaika. Linataka uzito, tena uzito mlegevu, usioweza kulia. Mchanga. Ukipiga teke gunia la mchanga, linakujibu nini? Halijibu.

14 Septemba

Mvua.

15 Septemba

Mvua. Ganda limeota ukungu wa kijani. Linanuka kama miguu ya Velin.

16 Septemba

Nimelitupa. Nimelia kidogo, kwa hasira, si kwa huzuni. Nikiwaza kwamba huko Pernik kuna binti anajifunza wimbo aliofundisha bibi yangu mzaa mama, ili auimbe "laini", nikaamka nikakoroga uji mwingine.

18 Septemba

Safari hii nimetia rakia, pombe yetu kali ya matunda, kwenye uji ili ukungu usithubutu. Velin alisimama mlangoni akitazama chupa inavyoisha.

"Mpira unakunywa kunizidi," akasema.

Lakini baadaye akarudi na mpira mwingine wa plastiki, mkubwa kidogo, na hajaambiwa na mtu. Kauliza kama ganda dogo linaweza kukaa ndani ya ganda kubwa. Mwanamume huyu nimemdharau bure mwezi mzima.

25 Septemba

Ganda ndani ya ganda, na nafasi ya vidole viwili kati yao. Mchanga wa mto tumeukaanga kwenye bati la kuchomea pilipili mpaka ukawa mkavu kama unga, tukaumimina kwa faneli huku tukigongagonga ushuke. Jozi nzima imekamilika. Kila mpira tunaubeba watu wawili. Nyumba nzima inanukia pilipili ya kuchoma. Nimeugonga kwa kidole, kisha kwa ngumi, kisha kwa nyundo ya mbao. Kimya kitupu.

27 Septemba

Bado kuna kitu. Chuma cha koni kinagusa ukingo wa ganda na kupitisha teke lake hapo. Kinataka mto katikati, kitu kizito cha sufu. Nyuma ya mlango linaning'inia joho la kuchungia kondoo la marehemu baba mkwe, sufu nene kama kisigino. Velin alikuwa shamba la mizabibu. Nikachukua mkasi, nikakata duara moja kwenye pindo. Nguo imekaa hapo miaka inalisha nondo tu, hakuna anayeivaa.

Moja tu nimekata. Ule mpira wa pili utasubiri.

1 Oktoba

Nimeimba peke yangu kwenye maikrofoni, na Velin kaukalia mpira kama kuku, kiganja juu.

"Unatetemeka?" nikamuuliza.

"Hata kidogo."

Kaweka juu yake gilasi ya rakia iliyojaa mpaka mdomoni. Nikaivuta ile sauti ya chini kwa pumzi yangu yote. Rakia haikukunja hata uso. Na sauti iliyotoka, jamani, ilikuwa safi kama maji ya kisima. Hapakuwa na mkwaruzo wowote. Nimekaa chini nikacheka peke yangu. Hiyo ndiyo sauti yangu, na ndiyo waliyoitukana.

Velin kainywa gilasi kwa afya yangu.

4 Oktoba

Ningejua nisingeamka leo.

Tumeibeba mipira ukumbini kwa toroli. Krasen alitupanga kama anavyotupanga tangu Aprili, kila mmoja na maikrofoni yake, hatua kadhaa kutoka kwa mwenzake, ili "kila sauti ipate hewa yake." Binti wa Pernik, Siyana, alikaa kiti cha mbele na koti lake mapajani. Aliimba Grozda peke yake: safi. Nikaimba mimi peke yangu: safi. Nikamtazama Krasen nikamwona anaanza kunywea.

Tukaimba pamoja. Mkwaruzo ukatoka kwenye mipira yangu, mkali kuliko wa Agosti.

"Unaona, mama," akasema Krasen, taratibu, na upole wake ulinichoma kuliko ukali. "Tumebadilisha boksi. Mkwaruzo uko palepale. Sikukuu Siyana ataimba, wewe utakaa nasi mbele, mgeni wa heshima."

Mgeni wa heshima, kwenye wimbo wa bibi yangu.

5 Oktoba

Nimeufungua mpira. Nimekaza skrubu zote.

6 Oktoba

Nimeongeza mchanga.

8 Oktoba

Nimefungua tena. Sioni kitu. Hauna kosa. Nimeweka funguo, nimeweka gilasi, nimeweka sikio. Kimekufa kabisa kitu hiki, ndivyo nilivyotaka kiwe. Sasa mkwaruzo unatoka wapi?

9 Oktoba

Velin kasema niache. Nimemwambia aache yeye.

12 Oktoba

Mvua tangu asubuhi, kisha radi, kisha umeme ukakatika. Nilikuwa bandani, mpira umefunguliwa mbele yangu, nikasikia mlango ukisukumwa bila hodi. Grozda. Amelowa, na mkononi ameshika joho la baba yake, kidole kimepita kwenye duara nililokata.

"Nimekwenda kumsalimia kaka yangu, nikalikuta hivi," akasema. "Hili alivaa baba theluji ile kubwa. Nililala ndani yake nikiwa mtoto."

"Nondo wamekula zaidi yangu."

"Nondo hawajui lilikuwa la nani. Wewe ulijua."

Nikatafuta ugomvi mwingine. Nikamwambia mwenye kudai heshima angeitafuta Agosti, aliponiacha nitukanwe huku anahesabu kamba za viatu. Nikamwambia najua alivyokwenda kwa Krasen nyuma ya ukumbi kuniuza.

Akafuta maji yaliyokuwa yakimchuruzika kwenye kidevu.

"Nilikwenda kumwambia," akasema, "kwamba siku utakayotoka, nami ninatoka, na aimbe yeye mwenyewe. Ndiyo maana mpaka leo bado una nafasi ya kugombania. Pale jukwaani nilinyamaza kwa sababu ningefungua kinywa ningemtukana mama wa yule mwenye miwani mbele ya padre."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinisalimia lini nikwambie?"

Mvua ikapiga bati. Nikamwelekeza benchi, akakaa. Akautazama mpira, matumbo nje, akauliza hiki ndicho kimekula joho la baba? Nikamweleza yote, shaba, ukungu, mchanga, jinsi kila mtu peke yake anavyotoka safi na pamoja tunakwaruza. Niliposema hivyo akainua kichwa.

"Pamoja na nani?"

"Pamoja na wewe. Nikiimba na Petkana hakuna kitu."

"Hebu simama," akasema.

Akanipitishia mkono kwenye mkono, akanifunga ubavuni kwake, hivyo walivyokuwa wakisimama mama zetu, hivyo tulivyosimama sisi mpaka Krasen alipotugawa. Akaanzisha. Nikaingia chini yake. Umeme haupo, maikrofoni haipo, mpira uko wazi mezani umenyamaza. Na mkwaruzo ukawepo. Ulikuwa hewani kati yetu, ukanitambaa kwenye meno na mfupa wa kifua, kwa sababu sauti zetu zimekaa karibu mno, kama watu wawili kwenye mlango mmoja, hakuna anayempisha mwenzake.

Tukaukata wimbo.

"Mama yangu alikuwa akiuitaje mkwaruzo huu?" nikauliza, ingawa nilikuwa najua.

"Kengele. Alisema msipopiga kengele mmeimba uji."

Maisha yangu yote nimeisikia kengele hiyo kutoka ndani, mifupani, nikidhani ndivyo mwili unavyokuwa mtu akiimba. Kutoka nje sikuwahi kuisikia. Nilipoisikia mara ya kwanza ilitoka kwenye boksi bovu lililoongeza uchafu wake, na mtu mwenye miwani akaiita kosa, nami nikamwamini. Hilo ndilo linalonitia hasira sasa. Nimebishana naye miezi miwili kuhusu nani mwenye kosa, na sikumuuliza hata mara moja kama kuna kosa.

Grozda alichukua mkasi wangu mezani. Akalitandaza joho, akakata duara la pili, safi kuliko langu, akanirushia.

"La mpira wa pili," akasema. "Baba asikae upande mmoja."

18 Oktoba

Mazoezi. Tumesimama tumeshikana mikono, maikrofoni moja mbele yetu. Krasen kaanza kutuambia tuachane. Grozda hakusogea, nami nimefungwa kwake, kwa hiyo sikusogea. Tukaimba. Krasen akaenda kwenye mpira akauwekea kiganja, kisha kwenye ule wa pili. Akainama akaweka sikio. Nilimwona uso wake ukitafuta pa kuangukia.

"Hazitetemeki," akasema.

"Hazitetemeki," nikamwambia.

"Sasa inatoka wapi?"

"Njoo usimame hapa, mwalimu," akasema Grozda, na kwa mara ya kwanza alimwita mwalimu bila kukunja pua. Tukamweka katikati yetu, bega hapa, bega pale, tukaimba wimbo mzima. Alianza na uso wa mtu wa chuo. Kufika ubeti wa pili alishika taya yake kwa mkono kama mwenye jino bovu. Tukamaliza. Alikwenda akaketi karibu na Siyana, muda mrefu, kisha akamwambia kitu, na yule binti akaacha koti kitini, akaja akasimama upande wangu wa kushoto.

"Kasema nijifunze kwako, bibi," akaniambia. "Mimi nilifundishwa kupisha."

"Hapa hupishi mtu," nikamwambia, nikampitishia mkono.

26 Oktoba, Mtakatifu Dimitri

Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Mipira yangu miwili imekaa kila upande wa jukwaa juu ya magurudumu ya gari la zamani la Velin, na watoto wanaigonga kwa vidole wakishangaa kwamba haijibu. Waamuzi walewale. Miwani ileile kifuani.

Tumeimba. Sitaandika zaidi, kwa sababu nilikuwa ndani. Najua tu kwamba mzee mmoja kule nyuma alivua kofia.

Hatukushinda. Hata karibu hatukufika. Mwenye miwani alisimama, akashika maikrofoni, na kupitia spika zangu mwenyewe, kila herufi ikiwa safi, akasema: "Sauti ya kwanza nzuri. Sauti ya pili, kama Agosti, inakwaruza."

Nikaona watu wananitazama kwa huruma, na nilikuwa na maneno ya kumjaza huyo bwana gunia zima. Nikamtazama Krasen kwanza. Kijana wa watu alikuwa amesimama tayari, mwekundu mpaka masikioni, anataka kwenda kupigana.

Grozda alikuwa bado amenishika mkono. Hakuangalia viatu safari hii. Alimwangalia mwenye miwani, kisha akanigeukia, na wala hakupunguza sauti:

"Wifi, spika zako ni nzuri. Safari hii amesikia vizuri."